Mashahidi wa Uwanja wa Sulai

Muhsin Nasor wa mtaa wa Suwaidi, Riyadh, ana maradhi mawili. Ya kwanza ni sukari, na hiyo daktari anaijua. Ya pili ni chumvi, na hiyo anaijua kila mtu. Sukari imepunguzwa kwa vidonge na kwa mkewe Mwatima kumfichia halua juu ya kabati. Chumvi haijapata dawa. Akitumwa mkate duka la pembeni, anaporudi huwa ameshuhudia ugomvi, ameuamua, na mkubwa mmoja wa polisi amemshika mkono na kumwambia kwamba watu kama yeye wamebaki wachache.

Hadithi iliyotiwa chumvi kuliko zote ni ile ya uwanja wa mbio za magari. Zamani, husema Muhsin, kabla maghala hayajajaa Sulai, pembezoni mwa Riyadh, palikuwa na uwanja mdogo wa mviringo uliotengenezwa na vijana wa Kizanzibari kwa mikono yao, na mwanzilishi ni yeye. Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri magari mabovu yalifukuzana pale mpaka jua lizame. Alipokuwa akiwahadithia watoto wake, magari yalikuwa kumi. Walipozaliwa wajukuu yalifika ishirini. Siku hizi, kahawa ikishamiminwa na wenzake wakishakaa vizuri, yanafika thelathini, na Mwatima akipita na sinia husema bila ya kusimama, "Punguza, baba Amal. Njia nyembamba hiyo, yatagongana."

Watu hucheka, na Muhsin hucheka nao, maana si mtu wa kununa. Lakini kuna mtu mmoja ambaye hakucheka, na hilo lilimuuma kuliko vicheko vyote.

Mtu huyo ni Ibtisam, binti wa binti yake Amal, aliyelelewa na bibi na babu mpaka alipofika umri wa kwenda chuo kikuu. Alipokuwa na miaka minane aliipeleka hadithi ya uwanja shuleni. Darasa zima lilimcheka. Nani amewahi kusikia habari ya mbio za magari Sulai, tena za watu wanaosema Kiswahili? Mwalimu naye akamwambia kwa upole kwamba mababu hupenda kutunga. Alirudi nyumbani macho mekundu, akamsimamia babu yake mbele.

"Babu, kweli au si kweli?"

Hapo ndipo neno moja tu lingetosha. Badala yake Muhsin alimwongezea ngamia. Alimwambia kwamba siku moja ngamia aliingia uwanjani, akakimbizana na magari, akamaliza wa tatu. Alidhani atamfurahisha. Mtoto alimtazama kitambo, akaokota mkoba wake, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hakumuuliza tena. Alikua, akasoma, akahamia Jeddah kwa kazi. Kila wiki alimpigia simu babu yake, akamuuliza sukari, akamuuliza miguu. Uwanja hakuutaja. Na Muhsin, ambaye hana siri hata ya chakula alichokula jana, jambo hilo hakumwambia mtu yeyote.

Basi fikiri hali yake siku Ibtisam alipopiga simu na, baada ya sukari na miguu, akasema, "Babu, nina jambo la kazi. Ni habari ya ule uwanja wako."

Muhsin alikaa kitako.

Kampuni ya Ibtisam ina kiwanja cha gokati kule Jeddah, vile vigari vidogo vya wazi ambavyo watu hulipia kuvikimbiza kwa dakika chache. Sasa walikuwa wakitayarisha maonyesho juu ya mbio za magari za zamani nchini, zile za vichochoroni na majangwani, kabla ya hizi kubwa za televisheni. Mkubwa wake aliwaambia wafanyakazi kila mmoja awaulize wazee wa kwao. Zikipatikana picha, bora. Zisipopatikana, waletwe mashahidi watatu, wahojiwe kila mmoja peke yake, na maneno yao yakubaliane.

"Picha mnazo, Babu?"

"Zilikuwepo. Bibi yako alizifua."

Kutoka jikoni Mwatima akajibu kwamba yeye alifua kanzu. Filamu ilikuwa mfukoni mwa kanzu, na mwanamume mzima asiyejua kutoa vitu mfukoni asimsingizie mfuaji. Ugomvi huo una umri wa kuoa na kuolewa, na wote wawili wanaupenda.

"Basi niletee mashahidi," Ibtisam alisema kwa sauti yake ya kazini. Kisha akateremsha sauti. "Lakini nakwambia mapema, Babu. Yasipolingana, siyaweki. Sitaki kuchekwa mara ya pili."

Alipokata simu Muhsin alibaki ameishika mkononi. Miaka yote ile alikuwa akijiambia kwamba mtoto ameshasahau. Kumbe hakusahau, na alikuwa akisubiri kwa heshima tu.

Msomaji naye asihangaike: uwanja ulikuwepo. Muhsin alifika Jeddah mwaka sitini na nne akiwa na miaka tisa, yeye na mama yake, Bi Thuwaiba, na sanduku moja la nguo ambazo nyingi hazikuwa zao. Mama alishona kanzu za wake za watu, mtoto akakulia gereji. Pesa za mafuta zilipoifanya Riyadh ipanuke, Muhsin alimchukua mama yake wakahamia huko, na yeye akapata kazi Sulai, karibu na tashlihi, yaani yale makaburi ya magari ambako gari bovu hufunguliwa kipande kwa kipande na kuuzwa. Huko ndiko alikoona magari yanakufa yakiwa na injini nzima. Ilimuuma, akasema hayawezi kuachwa yafe hivihivi.

Nyuma ya tashlihi palikuwa na ardhi ngumu, imelala kama sahani. Muhsin na wenzake waliizungushia matairi na mapipa, wakachora mstari kwa oili chafu. Gari la mbio lilikuwa ni gari lolote linalowaka: vioo vimetolewa, milango imechomelewa, dereva anaingilia dirishani na kujifunga kiti kwa kamba. Bendera ilikuwa ni gunia la unga lililofuliwa. Yeye mwenyewe aliendesha mara chache, kwa sababu mwenye shughuli ana mambo mengi zaidi. Ilimpasa ambembeleze mwenye lori la maji aje kutuliza vumbi, awapatanishe waliogongana, na ahakikishe mshindi anapata kuku wake wa kuchoma akiwa bado moto. Watu walikuja kutazama kutoka gereji zote, Wayemeni, Wasudani, Wapakistani, wakasimama juu ya mabodi ya malori na kushangilia kila mtu kwa lugha yake. Miaka ya tisini ilipoanza, ardhi ile ilizungushiwa ukuta, maghala yakajengwa, na madereva wakatawanyika kama watu wanaotoka msikitini.

Katika waliobaki hai na karibu, Muhsin aliwahesabu wawili, na yeye mwenyewe wa tatu. Mmoja ni Amir, jirani yake Suwaidi, dereva wa malori aliyestaafu, mnene, mkweli kupita kiasi, mtu ambaye ukimuuliza hali atakuambia goti lipi linauma. Wa pili ni Salem wa Jeddah, aliyekuwa akileta gari lake Riyadh juu ya lori kila mwezi, akashindana, akashinda, na akaondoka bila kupiga pasi shati, kwa sababu shati halikujikunja. Hayo ya shati anayasema Salem.

Walisafiri kwa gari la Amir, na Muhsin alikuwa na mpango. Njia kutoka Riyadh hadi Jeddah inatosha kupatana juu ya jambo lolote.

"Tuseme magari yalikuwa kumi na tano," alianza, mji ulipokuwa bado unaonekana nyuma.

"Yalikuwa manane," Amir alisema.

"Manane si mbio, yakhe. Manane ni msafara wa harusi."

"Manane. Na moja lilikuwa la kusukumwa."

"Haya. Na ngamia?"

"Ngamia gani? Lile lilikuwa lori la maji. Dereva alipotea njia, akajikuta yumo katikati ya mbio. Na hakumaliza wa tatu. Alimaliza maji, akaenda zake."

Muhsin aligeukia dirishani, akahesabu magari ya watu mpaka walipoanza kuteremka milima ya Taifu.

Salem aliwapokea nyumbani kwake mtaa wa Nuzha, amepaka hina ndevu na kujifukiza udi, akawaandalia wali wa samaki na kuwakumbusha kwamba watu wa Jeddah ndio wanaojua kula. Muhsin alisubiri mikono inawiwe, kisha akaleta maneno yake ya mapatano. Salem alimsikiliza kwa adabu.

"Magari yalikuwa kumi na mawili," alisema. "Langu silihesabu, maana lilikuwa mbele peke yake. Na yule hakuwa ngamia. Alikuwa punda."

"Lori," Amir alisema.

"Punda, ndugu yangu. Nilimkwepa mimi."

"Salem," Muhsin alisema, "mie sigombani. Nataka tuseme neno moja tu kesho. Mjukuu wangu anatusikiliza."

"Na mimi nitasema neno moja. Nitasema lililo kweli." Hapo Salem akaanza kuieleza ile mbio aliyoshinda akiwa na tairi tatu, na Amir akamuuliza ile ya nne ilikuwa wapi, maana yeye ndiye aliyeifunga. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na siku ile ngozi iliwambwa mpaka ikakaribia kupasuka.

Asubuhi walikwenda kiwanjani. Ibtisam aliwapokea akiwa amevaa abaya ya kijivu na kitambulisho cha kazi shingoni, akawabusu mikono, akawapa juisi, na kumchukua mmoja mmoja chumbani kumhoji, simu yake ikirekodi. Wa mwisho alikuwa Muhsin. Ndani mle alijitahidi mno. Aliposema magari alisema kumi na mawili, ili alingane na Salem. Ngamia alimwacha nje kabisa. Lakini Ibtisam alipomuuliza rangi ya gari la Salem, alisema nyekundu, na alipomuuliza nani alishinda mara nyingi, ulimi ulimponyoka, akajitaja yeye.

Ibtisam alizima simu.

"Babu. Mzee Salem anasema gari lake lilikuwa jeupe. Mzee Amir anasema halikuwa na rangi, lilikuwa na kutu. Mshindi kila mtu ni yeye. Hamjakubaliana hata upande uliokuwa na msikiti."

"Tumezeeka, mama."

"Najua." Hakukasirika. Angekasirika, Muhsin angepata pa kushika, kwa sababu mtu aliyekasirika huweza kutaniwa. Aliona uso wa mtu mzima unaomhurumia. Alitaka kumwambia jambo moja tu la uwanja ule, kavu, bila chumvi, akakuta hajui pa kuanzia. Tangu aanze kuisimulia hadithi ile hajapata kuisimulia bila kuionja kwanza.

"Si kitu," Ibtisam alisema. "Njooni basi mpande vigari, safari yenu isiwe bure."

Kiwanja kile kina umbo la yai, na pahala pa kuondokea pamewekwa katikati yake. Gari likitoka pale linafika kwenye njia, na hapo hushika upande. Kwa sheria zao mzee haendeshi na mwenziwe, bali mmoja mmoja. Salem alitangulia, bila shaka, na baada yake Amir, ambaye ilibidi akalishwe kwa msaada. Muhsin hakutoka kuwatazama. Alibaki ndani ya mkahawa, amelipa dirisha mgongo, anazungusha kahawa ambayo imeshapoa. Alisikia kelele kidogo nje, kisha kimya, kisha kelele tena, hakugeuka.

Aliyekuja kumwita ni Fidel, Mkenya wa Nakuru anayesimamia vigari, kijana mrefu mwenye ovaroli. Alikuwa na uso wa mtu aliyemeza kicheko.

"Mzee, ni turn yako sasa."

"Wenzangu vipi?"

"Wako tu poa. Wameketi na madam pale. Twende."

Fidel alimvalisha helmeti, akamkalisha, akamfunga mkanda, kisha akachuchumaa mbele yake kama mtu anayempa mgonjwa dawa.

"Sasa skiza, mzee. Ukitoka hapa utapata barabara. Ukifika kwa barabara, unashika left. Kushoto. Mishale ndio hiyo, imepakwa rangi, unaiona? Usiende right. Tumeelewana?"

"Mwanangu, mie nilikuwa nawaondosha watu mbioni kabla baba yako hajafikiria kuoa."

"Najua, mzee. Lakini left."

"Kushoto," Muhsin alisema, na hata aliuinua mkono wenyewe amwonyeshe.

Alikanyaga mafuta. Kigari kiliruka kuliko alivyotarajia, upepo ukaingia ndani ya helmeti, na kwa muda ule mfupi aliisahau asubuhi yote pamoja na huruma ya Ibtisam. Alifika kwenye njia. Mikono yake haikumwomba ushauri. Ilizungusha usukani kulia, kwa raha, kama mtu anayegeuka kitandani kuutafuta ubavu wake, naye akaenda, akaipinda kona ya kwanza vizuri kabisa, akaanza kujisifu, ndipo alipoona mishale yote ya rangi inamtazama usoni. Mbele yake Fidel alikuwa anakuja mbio na kitambaa chekundu.

Alisimama kwenye matairi ya kando. Uso ulimwaka. Hadithi imekataliwa, na sasa hata kushoto na kulia hakujui. Aliivua helmeti, akamwona Ibtisam anakuja kwa miguu, abaya imepandishwa kidogo isiguse oili, mkono mmoja mdomoni. Nyuma yake Salem na Amir walikuwa wameketi kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza tangu wawasili Jeddah walikuwa wamenyamaza wote wawili.

"Samehe, mama," Muhsin alisema. "Umri huu."

"Sikukuuliza umri, Babu. Kwa nini umekwenda kulia?"

"Nimekosea. Yule kijana aliniambia vizuri, asilaumiwe."

"Najua alikwambia. Nakuuliza kwa nini kulia."

Muhsin alifikiri. Lilikuwa swali la ajabu, kama kuulizwa kwa nini anaanza kula kwa mkono wa kulia. "Kwani sisi tulikuwa tunakwendaje? Tulikuwa tunakwenda huku."

"Mbio za viwanja vya umbo hili huzunguka kwa kushoto. Nyinyi kwa nini mlizunguka kulia?"

"Mama alikataa."

"Mama gani?"

"Mama yangu mie. Bi Thuwaiba." Na kwa kuwa alikuwa ameduwaa, hakukumbuka kutia chochote. "Ile Ijumaa ya kwanza nilirudi nyumbani nina vumbi mpaka kwenye meno. Akaniuliza nilikuwa wapi, nikamwambia tunazungusha magari. Akauliza, mnazungusha kwa upande gani? Nikamwambia kwa kushoto. Akaacha kushona. Akasema, 'Upande ule una wenyewe, Muhsin. Ndivyo wanavyoizunguka watu Nyumba ya Mwenyezi Mungu. Nyinyi mchezo wenu tafuteni upande mwingine.' Nikawaambia wenzangu. Nani ambishie mama wa mtu? Tukageuza. Salem alinung'unika, akasema ulimwengu mzima wanakwenda kushoto. Mama akampelekea salamu kwamba basi aende akaendeshe huko ulimwenguni. Akageuza na yeye."

Ibtisam aliinama karibu naye. Alitoa simu, akaibonyeza, akaisogeza karibu na sikio la babu yake. Ilitoka sauti ya Salem, imerekodiwa muda mfupi uliopita, upepo unavuma nyuma yake: "Mama yake Muhsin, Mungu amrehemu, ndiye aliyetukataza. Alisema upande ule una wenyewe." Akabonyeza tena. Ilitoka sauti ya Amir, anahema kwa kunyanyuliwa: "Bi Thuwaiba alituambia tutafute upande mwingine. Ule una wenyewe."

"Wote wawili wamekwenda kulia," Ibtisam alisema. "Mmoja baada ya mwingine. Fidel amepiga kelele, na bado. Nikamwambia wewe usiambiwe, akueleze kushoto zaidi ya wao, nione." Alimtazama machoni. "Uliwafundisha, Babu?"

"Afundishe nini huyo?" Amir alisema kutoka kwenye benchi. "Njia nzima tumegombania lori la maji."

"Punda," Salem alisema.

"Nimewafundisha nini, mama?" Muhsin alisema. "Jambo lenyewe nilikuwa hata silikumbuki."

"Na miaka yote hii unahadithia, mbona hili hukulisema hata siku moja?"

"Nilisemee nini? Ndivyo tulivyokuwa tukifanya. Halina utamu."

Ibtisam aliketi juu ya tairi, pale pale, na abaya yake safi. Alicheka mpaka akashika mbavu, na machozi yakaja katikati ya kicheko, na hakuyaficha. Bibi mzaa babu hakumjua. Alikuwa jina tu kwenye dua za nyumbani. Sasa alimsikia anaacha kushona.

"Nilikuwa na miaka minane, Babu," alisema alipopata pumzi. "Walinicheka."

"Najua."

"Nilikuuliza kweli au si kweli."

"Najua, mama. Najua." Muhsin alimshika kichwa kama alivyokuwa akimshika zamani, na akajisikia mwepesi.

Kisha Ibtisam akainuka, akajipangusa, akamwita Fidel. "Geuza vizuizi. Watazunguka kulia. Wote watatu pamoja."

"Madam, si watu wa office watalia?"

"Waambie ni utafiti."

"Sawa. Na mishale je?"

"Mishale ifumbe macho."

Fidel aligeuza vizuizi huku akijisemea kwa Kiswahili cha Nakuru kwamba kwa kazi hii ameona mambo. Wazee walipangwa kwenye mstari. Ibtisam alivua mtandio wa pili aliouweka begani, akaunyanyua juu, akauteremsha. "Yalla."

Walikwenda kulia. Salem alikaa wima kama mtu anayepigwa picha. Amir alijaza kigari chote na hakupunguza mafuta penye kona wala pasipo kona. Muhsin aliwafuata, akawafikia, akaachwa, akawafikia tena, na alikuwa anapiga kelele peke yake ndani ya helmeti, maneno ambayo hata yeye hakuyaelewa. Waliposimamishwa, Ibtisam aliuliza nani ameshinda, na wote watatu waliinua mikono.

"Mazoea yana taabu," Salem alisema, akipangusa ndevu zake, na hakufafanua kama anasema habari ya kwenda kulia au ya kushinda.

Maonyesho yalifunguliwa baada ya Ramadhani. Muhsin alikuja na Mwatima, aliyevaa dhahabu zake zote na kusema amekuja kuhakikisha hakuna aliyeandika kwamba yeye ndiye aliyefua picha. Katika ukumbi mkubwa, kati ya picha za magari ya jangwani na helmeti za watu mashuhuri, palikuwa na ukuta mmoja usio na picha hata moja. Palichorwa umbo la yai tu, na mshale mmoja unaoelekea kulia, na chini yake sauti za wazee watatu zilisikika mtu akisogea. Wageni walipita haraka kwenye picha na kusimama hapo.

Muhsin alisimama kando, mikono nyuma, kofia imenyooshwa. Alikuwa amejitayarisha. Njia nzima kutoka Riyadh alikuwa amepanga maneno, na magari yalikuwa yameanza kuongezeka tena, Mwatima ni shahidi.

Ibtisam alikuwa akiwaeleza wageni kwa Kiarabu. Aliwaeleza habari ya tashlihi, ya mapipa, ya bendera ya gunia, ya mshona kanzu wa Riyadh aliyeuliza upande gani. Alisimulia vizuri. Alijua pa kusimama ili watu wasogee mbele, na pa kuteremsha sauti, na Muhsin, fundi wa kazi hiyo, aliona kwamba mwanafunzi amehitimu. "Na mwanzilishi," alimaliza, "ni huyu hapa. Babu yangu."

Watu waligeuka. Bwana mmoja wa makamo, amevaa miwani, alimsogelea Muhsin kwa heshima, akamwinamia kidogo.

"Ni kweli, mzee? Mambo haya yalikuwepo?"

Mwatima alivuta pumzi, akajiandaa kumkanyaga mguu. Salem na Amir, waliosimama nyuma yake, nao walifungua midomo. Muhsin alimtazama yule bwana, akamtazama mjukuu wake amesimama chini ya mshale, shingo wima, hana wasiwasi wa kuchekwa na mtu yeyote. Maneno yote aliyoyapanga njiani alikuta hayahitaji.

"Muulize yeye," alisema.